Vichwa vya taa za barabarani vilazwe kabla hazijawashwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja ambalo najua litaonekana dogo kwa wasomaji wengi, lakini ambalo likishapita itakuwa kazi kubwa kulirudia. Katika mji wetu wa Kanda ya Kati, kama ilivyo katika miji mingi inayokua, nguzo za taa zinasimikwa kandokando ya barabara mpya. Kwenye barabara inayopita kama mita 200 kutoka nyumbani kwangu, nguzo zimeshasimama na nyaya zimeshavutwa, ila taa zenyewe bado hazijafungwa. Ninachoomba ni kwamba zitakapofungwa, vichwa vyake vilazwe sambamba na ardhi ili mwanga wote ushuke barabarani, na rangi ya mwanga huo iwe ya manjano hafifu badala ya nyeupe kali yenye ubuluu. Naomba nieleze kwa nini mtu mwenye darubini uani kwake anadiriki kuomba jambo la namna hii hadharani.

Nimefanya kazi ya kupima ardhi kwa zaidi ya miaka 30 na sasa nimestaafu. Mapenzi yangu kwa anga yalianza tarehe 1 Septemba 2016, nilipopanda basi kwenda Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia jua likipatwa kwa umbo la pete. Mwezi ulipoingia katikati ya jua na kuacha ukingo mwembamba unaowaka pande zote, joto lilipungua kiasi cha kuhisiwa kwenye ngozi, na chini ya mti niliposimama kivuli cha majani kilijaa vipete vidogo vya mwanga, mamia kwa mamia, vikitikisika juu ya vumbi kila upepo ulipopita. Nilichuchumaa nikavipima kwa rula niliyokuwa nayo mfukoni. Nilirudi nyumbani na swali la mpima ardhi: waliopiga hesabu ile walijuaje, miaka mingi kabla, kwamba kivuli cha mwezi kingepita pale pale na saa ile ile? Kutafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwenye kununua darubini.

Darubini yangu ni ya kioo chenye kipenyo cha milimita 200, na niliinunua ikiwa imeshatumika. Kioo cha ukubwa huo hukusanya mwanga takriban mara 800 ya ule unaoingia kwenye mboni ya jicho lililozoea giza. Miaka ya mwanzo niliitoa chumbani kila jioni na kuirudisha usiku wa manane, nikipoteza karibu saa nzima kuiweka sawa kabla ya kuona chochote. Baadaye nikajenga kibanda cha mita tatu kwa mita tatu nyuma ya nyumba, kuta za matofali ya kuchoma zinazonifika kifuani, na juu yake paa la mabati linalosukumwa lote kwa pamoja likaenda pembeni. Paa hilo linatembea kwa magurudumu ya geti, yale yenye mfereji katikati, juu ya reli ya chuma, na fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu aliimaliza kazi hiyo kwa siku mbili baada ya kuniuliza mara tatu kama kweli nilitaka nyumba isiyo na paa. Ndani kuna nguzo ya zege ya kubebea darubini, iliyochimbiwa chini sana na kuachiwa nafasi ya vidole viwili kati yake na sakafu, kwa sababu vikigusana hatua moja tu ya mtu huifanya nyota irukeruke kwenye kioo. Jua likishazama hufungua paa na kuliacha wazi kwa saa nzima kabla ya kuanza kazi, maana mabati hushika joto la mchana, na hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye kuta huzifanya nyota zitetemeke kama kitu kilichozama ndani ya maji.

Kilichonisumbua kuliko ujenzi ni kuuweka sawa mhimili wa darubini. Dunia inajizungusha, kwa hiyo darubini inayofuata nyota haina budi kuzungushwa kinyume chake, kwa mwendo ule ule, kwenye mhimili ulio sambamba na ule wa dunia. Wenzetu wa kaskazini wana Nyota ya Kaskazini ya kuwaongoza. Sisi tulio kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta hatuioni kamwe, na ncha ya kusini ya anga, ambayo haina nyota angavu ya kuiashiria, iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, kwangu mimi nyuma ya mwembe wa jirani. Hivyo nilitumia njia ya mtelezo: unachagua nyota iliyo karibu na utosi, unaiweka katikati ya alama ya msalaba, unangoja dakika kumi uone kama inateleza kwenda kaskazini au kusini, unakaza skrubu robo ya mzunguko, kisha unaanza upya. Nilifanya hivyo kwa siku tatu mfululizo. Tangu hapo nyota hukaa mahali pake kwa dakika kadhaa bila kuguswa, na nguzo ile sijaigusa tena.

Huku mtaani wapo wanaoniita mnajimu, na wengine wamewahi kuja kuniomba niwatazamie nyota zao. Huwaeleza kwa heshima kwamba kazi yangu ni nyingine. Mimi hupima mwangaza wa nyota zinazobadilika. Zipo nyota nyingi zisizobaki na mwangaza ule ule: nyingine hupwa na kujaa kwa siku chache, nyingine huchukua karibu mwaka, na nyingine hazina ratiba kabisa. Nyota ninayoifuatilia kwa muda mrefu zaidi inaitwa R Carinae, katika anga la kusini. Huchukua siku zipatazo 308 kutoka kilele kimoja cha mwangaza hadi kingine. Ikiwa kileleni huonekana kwa jicho tupu mahali penye giza, na ikishuka huhitaji darubini kuipata, kwani mwangaza wake hupungua zaidi ya mara 100. Namna ya kuipima haina siri yoyote. Unaitazama, unatafuta karibu nayo nyota mbili zisizobadilika ambazo mwangaza wake unajulikana, moja ikiizidi kidogo na nyingine ikizidiwa kidogo, kisha unakadiria iko wapi kati ya hizo mbili. Unaandika tarehe, saa na namba. Mwenye kamera hupiga picha na kuiachia kompyuta kazi ya kulinganisha, lakini msingi ni ule ule.

Namba hizo hazibaki kwenye daftari langu. Kuna chama cha waangalizi wa nyota badilifu chenye makao yake Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, ambacho hupokea vipimo kutoka kwa watu wa kawaida duniani kote na kuvihifadhi kwa ajili ya yeyote anayevihitaji. Vimeshazidi milioni 50. Wanasayansi wenye darubini kubwa hawawezi kuitazama nyota moja kila usiku kwa miaka 40, kwa sababu muda wa mitambo ile hugawanywa kwa saa na waombaji ni wengi. Mtu mwenye kibanda uani anaweza. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, ile nyota nyekundu katika kundi la Jabari iitwayo Betelgeuse ilipofifia kupita kawaida yake, sehemu kubwa ya kumbukumbu za namna ilivyoshuka na kupanda tena zilitoka kwa watu wa aina hiyo, wengi wao wakitumia macho tu.

Naomba nikae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa sababu ndio ulionifundisha thamani ya giza. Albert Jones aliishi New Zealand, na katika maisha yake alipima nyota badilifu zaidi ya mara 500,000, akitumia darubini aliyoiunda mwenyewe. Mwezi Februari 1987 nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, ile galaksi ndogo jirani yetu inayoonekana upande wa kusini kama kipande cha wingu kisichosogea. Ilikuwa supanova ya kwanza kuonekana kwa jicho tupu tangu mwaka 1604. Jones alikuwa miongoni mwa watu wachache waliovumbua mlipuko huo, kila mmoja kwa wakati wake. Kinachonigusa zaidi ni kile alichokiandika usiku uliotangulia. Tarehe 23 Februari, kama saa mbili hivi baada ya mitambo iliyofukiwa ardhini Japani na Marekani kunasa nyutrino, chembe ndogo mno zilizotoka kwenye moyo wa nyota ile, Jones alikuwa akilitazama eneo lile lile la anga, na hakuona kitu kipya. Aliandika kwamba hakuona. Neno hilo la mzee mmoja bustanini kwake likawa kipimo: wanasayansi walijua kwamba hadi dakika ile mwanga ulikuwa bado haujafika kiwango fulani, na kwa hilo waliweza kukadiria mlipuko ulichukua muda gani kutoka moyoni hadi kwenye uso wa nyota. Ili kuandika “sikuiona” na maneno hayo yawe na uzito, lazima mtu awe na hakika kwamba kama ingekuwapo angeiona. Anga lililojaa mwanga wa taa humnyima hakika hiyo. Mtu anayetazama chini ya mwanga wa mji akiandika hajaona kitu, hakuna ajuaye kama kitu hakikuwapo au kilimezwa na taa.

Najua nitaambiwa kwamba yapo mambo makubwa yaliyofanyika mjini. Ni kweli. Tarehe 20 Septemba 2016, siku 19 tu baada ya mimi kuchuchumaa kwenye vumbi la Rujewa, fundi wa kufuli aitwaye Víctor Buso alikuwa juu ya paa la nyumba yake katika jiji la Rosario, Argentina, akijaribu kamera mpya kwenye darubini yake ya sentimita 40. Alielekeza kwenye galaksi NGC 613 na kupiga picha fupi fupi, moja baada ya nyingine, na katikati ya picha hizo nuru ikachomoza mahali ambapo dakika chache kabla hapakuwa na kitu. Alikuwa amenasa nyota ikianza kulipuka, saa ile ile mshindo ulipoufikia uso wake, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilitafuta kwa miaka mingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature, na jina la fundi kufuli yule likiwa miongoni mwa waandishi. Rosario ni jiji kubwa lenye taa nyingi, lakini galaksi ile hupita karibu na utosi wa Rosario, na utosini ndipo giza la mjini hukawia kutoweka, kwa kuwa mwanga wa taa huchafua kwanza sehemu za chini za anga, zile zilizo karibu na upeo wa macho. Kwetu mambo ni kinyume. Wingu Kubwa la Magellan likiwa juu kabisa kwetu hufika nyuzi 26 tu kutoka ardhini, na R Carinae haipiti nyuzi 33. Hazina yote ya kusini ambayo mwangalizi wa Ulaya hawezi kuiona, sisi tunaitazama juu ya mabati ya majirani, pale pale mwanga wa barabara unapokaa. Kwa hiyo taa inayomwaga mwanga pembeni na juu inatuharibia sehemu ya anga tunayoihitaji kuliko zote.

Nimeshaliona jambo hili kwa macho yangu. Nilipoanza, katika Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, nilikuwa nikihesabu nyota tisa kwa jicho tupu usiku usio na mbalamwezi. Upande wa mashariki wa mji ulipowekwa taa mpya, zikabaki sita, na Kilimia kikiwa bado chini upande huo zinakuwa tano. Wingu la Magellan nilikuwa nikilionyesha wageni kwa kidole. Sasa mwezi ukiwa haupo kabisa nami nimekaa gizani nusu saa, nalipata kwa kulitazama kwa pembe ya jicho. Picha ninayopiga kwa sekunde 30 kuelekea barabara ile hurudi na anga la kijivu ambalo nyota hafifu zimezama ndani yake, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuzitoa humo kwa uaminifu.

Sababu yake inaeleweka. Taa nyingi za LED zinazofungwa sasa ni nyeupe sana, na mwanga mweupe wa namna hiyo una ubuluu mwingi. Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na hiyo ndiyo sababu anga la mchana ni la buluu. Taa yenye ubuluu ikimwaga mwanga juu, hewa huutawanya na kuurudisha machoni petu kama ukungu unaong’aa. Rangi hiyo huandikwa kwenye boksi la taa kwa namba za kelvini: 3000K au chini yake ni mwanga wa manjano wenye upole, 4000K ni mweupe, na 6500K, ambayo ndiyo iliyojaa madukani kwetu, ni mweupe wa kuchoma macho. Anayeandika mahitaji ya zabuni akiandika 3000K mahali pa 6500K, ameshaokoa sehemu kubwa ya usiku kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Kuhusu mwelekeo wa taa nina kisa cha karibu. Kijana mmoja mwenye karakana ya kufyatua matofali, ukuta kwa ukuta na mimi, alifunga taa kubwa ya mlinzi na kuielekeza mbele, ikawa inaangaza uwanja wake, paa langu, na mawingu. Sikumwendea kwa lawama. Nilimwalika usiku mmoja mwaka 2022, wakati Zohali ilikuwa imepanda vizuri. Akainama kwenye darubini, akakaa kimya, akaondoa jicho akaitazama nyota ile kwa macho matupu, akarudi tena kwenye darubini. “Mzee, hizi pete ni za kweli, au kuna picha umeibandika humu ndani?” Nikamwambia, “Ni za kweli, mwanangu. Gusa darubini kidogo uone kama hazitakimbia.” Akagusa, zikakimbia. Nilipotaka kumwonyesha kitu kingine upande wa kusini hatukuweza, kwa sababu taa yake ilikuwa inatupiga usoni, na aliliona hilo kabla sijafungua mdomo. Kesho yake alipanda ngazi na spana, akaiinamisha ile taa hadi ikatazama chini, na kwa juu akaifunga kipande cha bati alichokikunja mwenyewe. Baada ya siku mbili mlinzi wake alimwambia kwamba sasa anauona uzio wote mpaka pembe ya mwisho, kwa kuwa taa haimpigi tena machoni. Hakununua taa nyingine, na mwanga wa uwanjani kwake umeongezeka.

Nalitaja la mlinzi kwa makusudi, maana pingamizi la kwanza ninalokutana nalo ni usalama. Huulizwa inakuwaje, katika nchi ambayo vijiji vingi bado vinangoja umeme, mtu mzima aanze kulalamikia mwanga. Naichukulia hoja hiyo kwa uzito. Binti yangu ni muuguzi na hutoka zamu saa ambazo barabara ni tupu. Natamani taa za barabarani kuliko mtu yeyote katika mji huu. Ninachosema ni kwamba mwanga unaokwenda juu haumsaidii binti yangu. Umeme wake umelipiwa na watu wote, na kinachoangazwa ni matumbo ya popo na mawingu. Na taa iliyoinuliwa kichwa humpiga dereva machoni, mboni zake zikasinyaa, na anayevuka barabara mbele yake akawa kivuli tu. Kichwa cha taa kikilazwa, mwanga ule ule unaongezeka pale miguu inapokanyaga. Mahali ambapo magari huisha kabisa baada ya saa sita usiku, taa hizi za kisasa zinaweza pia kupunguzwa nguvu hadi alfajiri bila kuzimwa.

Wapo waliokwisha kulifanya hili bila miji yao kuwa giza. Flagstaff, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, walipitisha sheria yao ya kwanza ya kulinda anga mwaka 1958, na hadi leo watu wake hutembea usiku kwenye barabara zenye taa. Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo yanayofaa kwa elimu ya nyota, yakiwemo ya Northern Cape, ambako katika mji mdogo wa Sutherland iko darubini kubwa ya SALT iliyozinduliwa mwaka 2005. Na ili isidhaniwe kwamba natishia jambo la mbali, mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliohesabu nyota wanazoziona kati ya mwaka 2011 na 2022. Ulionyesha kwamba mwangaza wa anga la usiku uliongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Watafiti wenyewe walitoa mfano: mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataziona kama 100. Taarifa nyingi katika utafiti huo zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko wahesabuji walikokuwa wengi.

Nani atahesabu za kwetu? Watu wa lugha hii walikuwa wakizisoma nyota tangu zamani. Kilimia kimepewa jina lake na kulima, na wazee wa pwani walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, wakikitumia kupanga shamba. Manahodha wa majahazi waliijua Suheli, ile nyota angavu ya kusini, kiasi kwamba jina lake likawa pia jina la upande wenyewe wa kusini. Hata setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima. Nasikitika ninapokutana na mtoto wa darasa la sita wa mjini anayejua Njia Nyeupe kwa picha ya simu tu, wakati ilikuwa juu ya paa la babu yake.

Kwa kijana anayesoma barua hii na hana darubini, nasema asingoje kuwa nayo. Kati ya Msalaba wa Kusini na Suheli kuna nyota iitwayo l Carinae, kwa herufi ndogo ya l, ambayo huonekana kwa jicho tupu katika mzunguko wote wa mabadiliko yake. Hupanda na kushuka kwa siku 35 na nusu, na mwenye subira ya kuitazama kila baada ya siku mbili au tatu, akiilinganisha na nyota za jirani na kuandika, kabla ya miezi miwili kuisha atakuwa ameichora kwenye karatasi ya mistari na kuuona mpigo wake. Nyota za aina hiyo ndizo Henrietta Leavitt, mwanasayansi wa nyota wa Marekani, alizozichunguza mwanzoni mwa karne iliyopita, akagundua kwamba yenye mpigo mrefu zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi, na kwa kipimo hicho dunia ikajua umbali wa galaksi. Lakini l Carinae nayo iko kusini, si mbali sana na upeo wa macho. Kutoka katikati ya mji wetu, kwa taa zilivyo sasa, ni vigumu kuipata.

Nirudi kwenye nguzo zile za barabara. Mikono yake imepinda kidogo kuelekea juu, na taa ikifungwa kwa kuufuata mpindo wa mkono, kioo chake kitatazama ng’ambo ya barabara, kwenye madirisha ya watu. Taa nyingi za siku hizi zina kiungo chenye nati shingoni kwa ajili ya jambo hili hasa: fundi hulegeza nati, hukilaza kichwa hadi kilingane na ardhi, na hukaza tena. Fundi akiwa tayari yuko juu ya gari la ngazi, hiyo ni kazi ya dakika moja kwa kila nguzo. Taa zikishawashwa, atahitajika kurudishwa na gari lile lile, nguzo moja hadi nyingine, kwa gharama mpya ambayo hakuna atakayekubali kuilipa. Naomba wahandisi wanaohusika waliangalie hili wiki hizi, kabla ya kufungwa kwa taa ya kwanza, na kama kuna anayetaka kuona tofauti kabla ya kuamua, taa ya jirani yangu iko pale, na paa langu hufunguliwa kila jioni isiyo na mawingu.

Wako katika kulijenga taifa,

Mpima ardhi mstaafu,
Kanda ya Kati, Tanzania